Kukosea kwa Mpangilio

Hotuba ya kuwapokea wanafunzi wapya wa kozi ya uandishi wa programu

Wanafunzi wetu wapya, walimu wenzangu, nanyi wazazi na ndugu mliowasindikiza, karibuni. Kaeni vizuri, maana wengine wenu viti hivyo mtavikalia wiki 24.

Nianze kwa kulipa deni. Kabla hata ya kulipa ada, wengi wenu mliniandikia kuuliza jambo lilelile: ikiwa masomo yote ya kuandika programu yako wazi kwenye intaneti, tena bure, kozi ya nini? Niliahidi kwamba nitajibu mbele ya watu. Basi nakiri kwanza: ni kweli. Hatuna siri humu. Python, lugha tutakayoanza nayo, Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991, na mpaka leo ni bure, na mwongozo wake rasmi ni bure. Kama mmekuja kununua habari, mmepunjwa.

Tunachouza sisi ni kitu kingine, na ili nikieleze inabidi nijiaibishe kidogo.

Mimi nilijifunza peke yangu kwa miaka miwili. Nikisema nilijifunza nawadanganya, nilitazama. Nilitazama video za watu wakiandika kodi. (Leo nitasema kodi, yaani maandishi ya programu, mlipa kodi asishtuke, wanaopenda neno msimbo nao wana haki yao.) Mtu kwenye video anaandika, programu inaenda, nami natikisa kichwa: naam, nimeelewa. Nikifungua faili tupu, mikono inaganda. Nikajiambia tatizo ni lugha, nikahamia nyingine. Nikasikia kwamba iko ya tatu ndiyo inayotafutwa na waajiri, nikahamia huko. Miaka miwili ilipoisha nilikuwa nimeanza lugha nne, na sikuwa nimemaliza hata programu moja ambayo mtu mwingine angeweza kuitumia. Katika zote nne, somo la kwanza nililijua vizuri ajabu.

Ndipo nikaingia kozi. Wiki ya tatu mwalimu akaniita mbele, akaiweka programu yangu kwenye skrini kubwa, akasema: isome kwa sauti, na kila mstari utuambie unafanya nini. Programu yenyewe ilikuwa ya kutafuta wastani wa alama. Ilikuwa inaenda, na jibu lake lilikuwa sahihi, kwa hiyo nilisimama kifua mbele. Nikaanza kusoma. Majina niliyozipa namba zangu yalikuwa x, halafu x2, halafu xmpya, halafu xmpya_hasa. Nilipofika xmpya_hasa darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye, na mimi nikacheka kwa taabu. Nilipofika mstari wa kumi na nne nikanyamaza. Sikujua unafanya nini. Nilikuwa nimeunakili mahali. Mwalimu hakunigombeza, aliufuta tu, akaiendesha programu upya. Jibu likawa lilelile. Mstari ule haukuwa na kazi yoyote, nami nilikuwa nimeutembeza wiki nzima kama hirizi.

Katika miaka miwili ya kukaa peke yangu hakuna aliyewahi kuniuliza mstari unafanya nini. Kompyuta haiulizi. Ikikubali, imekubali. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami nilikuwa nimeficha kodi yangu machoni pa watu kwa miaka miwili mizima, nikidhani nasubiri iwe nzuri kwanza ndipo niionyeshe.

Kwa hiyo hicho ndicho tunachouza: makosa yenu, yaliyopangwa yaje kwa zamu, na mtu wa kuyatazama pamoja nanyi. Mengine ni kiti na umeme.

Kuna msemo kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Huko nyumbani ni msemo mzuri, ila humu ndani nawaomba muuache mlangoni. Humu mtarudia. Mtasahau nukta pacha leo, mtaisahau kesho, na siku ya mradi wa mwisho, wazazi wakiwa wamekaa hapo hapo walipo, mtaisahau tena. Mwezi Mei 1949 kompyuta iitwayo EDSAC ilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliyeongoza ujenzi wake, Maurice Wilkes, alisimulia baadaye kwamba siku moja mwaka huo, akiwa kwenye ngazi, lilimjia wazo zito: sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itapita katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Huyo ni mtu aliyeijenga mashine. (Hadithi ya yule mdudu nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta mwaka 1947, akabandikwa kwenye daftari la kazi huko Chuo Kikuu cha Harvard, sitawasimulia, mtaisikia kila mahali, na neno lenyewe, bug, la kuita hitilafu mdudu, lilikuwapo kabla yake.)

Sasa, makosa yana madaraja. Liko kosa la maandishi: umesahau kufunga mabano, kompyuta inakataa palepale na kukuonyesha mstari. Hilo ni kosa la heri. Liko linalokuja programu ikiwa njiani: umegawa kwa sifuri, umetafuta faili ambalo halipo. Programu inaanguka, lakini inaanguka kwa kishindo, na kishindo ni taarifa. Halafu liko la tatu, baba lao: programu inakwenda mpaka mwisho, haisemi kitu, na jibu si sahihi. Anayejifunza peke yake hukutana na yote matatu siku moja, na hajui lipi ni lipi. Anachojua ni kwamba haiendi, na pengine yeye hana kichwa cha kazi hii. Nimeona watu wenye akili kunizidi wakiacha kwa sababu hiyo tu. Mazoezi ya wiki mbili za kwanza yametungwa ili karibu makosa yenu yote yawe ya daraja la kwanza. Yakiwaudhi, jueni yanafanya kazi yake.

Niwajaribu kidogo. Uzio ulionyooka wa mita 100, una nguzo kila baada ya mita 10, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nguzo ngapi?

Nimesikia kumi. Kumi nyingine nimeisikia kutoka upande wa wazazi. Ni kumi na moja: mapengo kumi, nguzo kumi na moja. Kosa hili la moja kuzidi au moja kupungua ni la kale kuliko kompyuta, nasi tumelikoleza kwa desturi yetu ya kuhesabu nafasi katika orodha kuanzia sifuri. Orodha ina vitu kumi, cha mwisho kiko nafasi ya tisa. Ukiomba kilicho nafasi ya kumi, Python inaanguka kwa kishindo. Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hailazimiki kukuambia lolote. Inaweza kuokota chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu na kukukabidhi kana kwamba ndicho ulichoomba. Watu huniuliza kwa nini hatuanzi na C, kwani ni ngumu sana? Ugumu wake unavumilika. Ukimya wake, kwa mtu wa wiki ya kwanza, ndio usiovumilika.

Wiki sita za mwanzo mtafanya mambo matatu tu: kufuatanisha maelekezo, kuchagua njia kwa sharti, na kurudia. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kihisabati kwamba matatu haya yanatosha kwa hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Miaka miwili baadaye Edsger Dijkstra, Mholanzi, alichapisha barua fupi akiishutumu amri ya kuruka, ile inayoiambia kompyuta: acha hapa, nenda mstari wa 340. Mashine inaruka bila shida. Anayepotea ni binadamu anayeisoma, kwa sababu akifika mstari wa 340 hajui ametoka wapi wala amebeba nini. Barua hiyo ilizua ugomvi wa miaka, na leo lugha nyingi, Python ikiwamo, hazina kabisa amri hiyo. Huo ndio ustadi wa kwanza tutakaowadai: kuandika kodi ambayo mtu aliyechoka, saa nane usiku, ataweza kuifuata kwa kidole. Mara nyingi mtu huyo mtakuwa ninyi wenyewe, miezi mitatu baadaye.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa ajili ya somo moja ambalo kila mwaka hulaza watu. Ni somo la aina za data: namba nzima, namba yenye desimali, maandishi, na kila moja inachukua nafasi kiasi gani. Kufika saa ya pili, nyuso za darasa huwa kama za abiria wa usiku.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Haikumaliza dakika moja. Katika mfumo wa kupimia mwelekeo wake kulikuwa na programu iliyochukuliwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4. Mahali fulani programu hiyo ilipokea namba yenye desimali ya biti 64 (biti ni nafasi ya tarakimu moja, 0 au 1) na kuigeuza iwe namba nzima ya biti 16. Namba nzima ya biti 16, ikiwa na alama ya hasi au chanya, haivuki 32,767. Katika Ariane 4 hilo halikuleta tabu, kwa kuwa kasi yake ya kwenda mbele, sambamba na ardhi, haikufikisha namba huko. Ariane 5 ilikimbia kwa njia nyingine na kwa kasi kubwa zaidi. Namba ikafurika, mfumo ukajizima. Mfumo wa akiba ulikuwepo. Lakini wa akiba nao ulitumia programu ileile, na ulikuwa umeshazimika muda mfupi kabla kwa sababu ileile. Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu, ikaudhani ni taarifa za safari, ikageuza injini kwa nguvu. Roketi ikapinda, ikakatika, ikajilipua.

Programu hiyo ilikuwa imefanya kazi salama kwa miaka. Kilichobadilika ni roketi. Lakini kinachoniuma mimi katika kisa hiki ni kingine: kile kipande cha hesabu kilichofurika hakikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya kuondoka ardhini. Kilikuwa kimerithiwa tu na kuachwa kiendelee. Ni mstari wangu wa kumi na nne, kwa ukubwa wa roketi.

Mtakapofika hapo, iambieni Python ijumlishe 0.1 na 0.2. Itawajibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Kompyuta hutunza namba kwa msingi wa mbili, na kwa msingi wa mbili moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi moja isivyoisha sisi tukiiandika kwa desimali. Kwa mchezo wa kwenye simu haina neno. Kwa programu inayogusa fedha za watu, asiyelijua hili asikabidhiwe.

Jambo ambalo wengi huliona la ajabu katika kozi yetu ni kwamba mwanzoni mtasoma kodi kuliko kuiandika. Tutawapa programu iliyokamilika, muieleze. Kisha iliyokatwa mstari mmoja, muujaze. Kisha mistari mitano. Faili tupu inakuja mwishoni. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa aljebra: waliosoma mifano iliyokwisha kutatuliwa walijifunza kwa muda mfupi kuliko waliotupiwa maswali wayatatue wenyewe tangu mwanzo, na katika maswali yanayofanana walikosea kidogo. Maelezo ya Sweller ni kwamba akili ya mgeni, ikitafuta jibu, huelemewa na utafutaji wenyewe, haibakiwi na nafasi ya kuona mpangilio. Mtu akishabobea mambo hugeuka, mifano inamchelewesha. Ndiyo maana tunaipunguza kila wiki. Kwa hiyo msije mkanilalamikia wiki ya pili kwamba mnasomeshwa tu, halafu wiki ya kumi mkalalamika kwamba mmetupwa majini. Malalamiko yote mawili nimeyategemea.

Kutafuta hitilafu tutakufundisha kama ufundi, maana ni ufundi. Nitawapa kionjo. Mna orodha ya majina milioni moja, yamepangwa kwa alfabeti, mnatafuta moja. Ukienda moja baada ya jingine unaweza kutazama yote milioni. Ukifungua katikati, ukauliza jina langu liko kabla au baada, ukaitupa nusu isiyohusika, kisha tena nusu ya iliyobaki, utalifikia kwa maswali yasiyozidi 20. Wiki ya tisa mtaandika programu ya kufanya hivyo, na mtajivuna. Wachache watakumbuka kuitumia kwa programu zao zenyewe zinapoumwa. Kodi ilienda wiki iliyopita, leo haiendi, na kati ya siku hizo mmehifadhi mabadiliko 100. Msikodoe macho. Chukueni badiliko la katikati, muulize: hapa ilikuwa inaenda? Kwa maswali saba mtakuwa mmelikamata lenyewe. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 2005 kutunzia kodi ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kinaweza kuwaongozea zoezi hilo hatua kwa hatua. Lakini kinawasaidia wanaohifadhi mabadiliko madogo madogo. Anayehifadhi mara moja kwa mwezi na kuandika maelezo kwamba "nimerekebisha mambo" hana katikati ya kufungua.

Najua mnalingoja swali la akili mnemba. Kwa nini mjisumbue, ikiwa kuna mashine inayoandika kodi ukiiomba kwa lugha ya kawaida? Mimi naitumia kila siku, sitajifanya mtakatifu. Inaniandikia haraka, na mara nyingi inaandika vizuri. Pia hunipa, kwa sauti ileile ya kujiamini, kosa la daraja la tatu: linaenda, limenyamaza, si sahihi. Ninalikamata kwa sababu nilikwisha kulifanya mwenyewe mara nyingi kabla. Kwa hiyo wiki nane za kwanza hairuhusiwi, na baada ya hapo inaruhusiwa kwa sharti la mwalimu wangu: mstari wowote utakaouleta darasani, uwe umeuandika wewe au mashine, unaweza kuitwa mbele uusome kwa sauti. Nimebishana na walimu wenzangu kuhusu hizo wiki nane. Wapo wanaoona ni nyingi, yupo anayeona ni chache. Tumekubaliana nane kwa kuchoka, lakini sharti la kusoma kwa sauti hakuna aliyelipinga.

Mambo ambayo kozi hii haifanyi, nayasema harakaharaka ili msije mkasema hamkuambiwa. Haitoi ajira. Cheti kitafungua barua pepe chache, na baada ya hapo watataka kuona mlichojenga. Wiki 24 hazimfanyi mtu fundi. Zinamfanya mtu anayeweza kukaa karibu na mafundi asiwachoshe. Na karibu na wiki ya tano, zinapoingia lupu ndani ya lupu, yaani marudio ndani ya marudio, wengine wenu mtataka kuondoka. Ukiona hivyo, njoo ofisini kwangu kabla hujaamua, uje na kodi yako. Usije na maelezo ya kodi yako. Uje nayo yenyewe.

Wazazi na ndugu, ombi moja. Mtakapomkuta amekaa mbele ya skrini saa nzima bila kugusa kibodi, midomo inachezacheza, msimtume dukani. Anafanya kazi. Na akiwaomba mkae mumsikilize akieleza programu yake, kaeni, hata kama hamwelewi neno. Katikati ya maelezo atanyamaza ghafla, aseme "ala!", na aondoke bila kuwashukuru. Mmemsaidia kuliko mnavyodhani.

Basi tumalize kuongea. Kwenye kila meza kuna kompyuta, na ndani yake kuna faili moja lenye programu ya mistari kumi na tano. Inaenda, nimeijaribu asubuhi. Zoezi lenu la kwanza ni kuiharibu. Kila mmoja aweke kosa moja tu, la daraja lolote analolitaka, aandike kwenye karatasi ni kosa gani, aikunje karatasi na kuitia mfukoni. Kisha mtabadilishana viti na jirani wa kulia. Na katika mistari kumi na tano hiyo, mmoja hauna kazi yoyote. Sitawaambia ni upi. Mna dakika 20.